Tumeyavalia Nguo

Saa kumi alfajiri nilitoka Salinas,
mashamba ya letasi bado gizani,
mitungi ya hewa ikigongana nyuma ya gari kila penye kona.
Noreen Tanabe nilimkuta keshafika,
ameketi kwenye bampa ya gari lake,
suti ya mpira imemfika kiunoni,
mikono ya suti imelala mapajani pake
kama ya mtu wa pili aliyezimia.
"Nayahesabu tangu saa kumi na mbili," akasema.
Hakuniambia amefika ngapi.

Nikavaa.
Kuvaa suti yenye unyevu wa juzi ni kazi isiyo na heshima:
unaruka, unajipinda, unavuta mpira gotini
kama anayemvika ndama soksi.
Nikafunga mkanda wa risasi, kilo kumi na moja,
na muda wote huo bahari nimeipa mgongo.
Lakini masikio yalikwisha kusikia:
changarawe inavutwa chini
kwa sauti ya gunia la maharage linalomwagwa,
halafu kimya,
kimya kirefu mno,
halafu mshindo ulionifikia kwenye nyayo.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.
Haya. Na ukiyavalia?

Tukasimama ukingoni mwa lami.
Wimbi la kwanza la kundi likaufika mwamba gotini,
la pili kifuani.
La tatu halikujua kama pana mwamba.
Liliinuka kijani, na ndani yake nikamwona sili
akipita bila haraka, kama mtu dirishani kwake,
kisha likaanguka lote kwa pigo moja
hatua nne tu kutoka nchi kavu.

Kuingia tungeweza.
Baada ya la saba pana mwanya wa sekunde ishirini,
unakimbia, unavaa mapezi majini, unakwenda.
Kutoka, sasa.
Dakika arobaini baadaye, miguu imekwisha,
chuma mgongoni, na hilo la tatu linakuja nyuma yako;
na Noreen ana miaka sabini na mmoja
na nyonga ya titani.

Nilikuwa namsubiri aseme yeye.
Nikachezea kamba ya miwani. Nikasema
huenda maji yakitoka yatatulia. "Huenda," akajibu.
Nikasema upande wa kaskazini huenda ni afadhali.
"Huenda."
Ndipo nikaona naye anaitazama mikono yangu
kwa pembe ya jicho, ananisubiri mimi,
asije akaonekana ni nyonga iliyosema.
Watu wawili wenye adabu
wanaweza kuzamishana bila kugusana.

Kule chini, mita kumi na nne, chini ya jiwe lililopasuka,
anakaa mkunga wa kijivu, kinywa wazi, meno ovyo.
Noreen, aliyeng'oa meno ya watu miaka thelathini na minane,
humwita mgonjwa wangu.
Hatujamwona tangu Machi.

"Mimi leo siingii," nikasema.
Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyoitaka.

Hakuuliza kwa nini. Ndiyo kanuni yetu:
mmoja akikataa, limekwisha.
Aligeuka tu, anifungulie zipu yake,
na baridi ikamwingia mgongoni, akacheka.
"Mia mbili na sita," akasema.
"Lakini mimi nilikata shauri kwenye la tisa."

Mitungi tukairudisha garini imejaa,
hewa ya kununua, haijavutwa hata pumzi moja.
Tukanywa kahawa, tukala mkate wenye mchanga.
Ndipo wakaja vijana wawili, mapezi yao mapya,
bei bado imebandikwa, wakauliza: "Vipi huko?"

Noreen akameza kwanza.
"Yahesabuni," akawaambia.

Wakasimama pale tuliposimama sisi.
Kahawa ikaisha.
Hatukuwasha gari.